Kura za Kilimanjaro na Kazi ya Mchungaji

Utangulizi

Mtumishi wa Kanisa anapopangiwa usharika katika mitelemko ya Mlima Kilimanjaro hupewa maelezo mengi juu ya watu atakaowahudumia. Huambiwa habari za vihamba na migomba, za kahawa, na za wingi wa watu wanaorudi nyumbani wakati wa Krismasi. Mara nyingi huambiwa pia kwamba watu wa huko ni wapinzani wa serikali kwa asili yao. Anayesema hivyo huenda akaongeza kwamba jambo hilo ni ukabila. Mwingine atasema ni Ukristo wao, hasa Ulutheri. Na mwingine atasema kwamba watu wenye mali hawapendi kutawaliwa.

Makala hii inakusudia kuyachunguza maelezo hayo kwa kuyapima na matokeo ya chaguzi zilizopita. Hatukusudii kukisifu chama chochote wala kukilaumu. Tunaandika kwa sababu mchungaji anayeamini kwamba usharika wake umezaliwa na siasa fulani hatauhudumia vema. Atawahubiria washarika kana kwamba wote ni wa upande mmoja, na wale wa upande mwingine, ambao wapo siku zote, watajiona wageni katika nyumba ya Bwana.

1. Mkoa mmoja, kura za namna mbili

Tangu Siha ilipopata kuwa jimbo, Mkoa wa Kilimanjaro umekuwa na majimbo tisa ya uchaguzi. Sita yako mlimani, yaani Hai, Siha, Moshi Mjini, Moshi Vijijini, Vunjo na Rombo. Matatu yako Upare, yaani Mwanga, Same Magharibi na Same Mashariki. Mkoa ni mmoja, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lina sharika nyingi pande zote mbili, Dayosisi ya Kaskazini kwa upande wa mlima na Dayosisi za Pare na Mwanga kwa upande wa pili. Hata hivyo kura za pande hizo mbili hazikufanana kwa miaka mingi.

Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa kwa sheria mwaka 1992, uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya mfumo huo ulifanyika mwaka 1995. Ndugu Augustino Mrema, aliyekuwa mbunge wa Moshi Vijijini na Waziri wa Mambo ya Ndani, alikuwa ametoka CCM mapema mwaka ule akajiunga na NCCR-Mageuzi. Katika nchi nzima alipata asilimia 27.8 ya kura za urais, akawa wa pili nyuma ya Ndugu Benjamin Mkapa aliyepata asilimia 61.8. Mlimani Ndugu Mrema aliungwa mkono kwa wingi mkubwa. Mwaka 2000 CHADEMA ilipata majimbo ya Moshi Mjini na Hai, na TLP, chama alichokuwa amehamia Ndugu Mrema, ikapata Vunjo. Tangu hapo jina la Kilimanjaro likazoeleka kuwa jina la upinzani.

Lakini Upare mambo yalikuwa mengine. Katika chaguzi za 2005 na 2010 majimbo yote matatu ya Upare yalikwenda CCM. Wapare nao si watu wasiojua kupinga. Katika miaka ya 1940 waliikataa kodi ya mbiru kwa umoja ambao serikali ya kikoloni haikuutazamia, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba upande mmoja wa mkoa una moyo wa kuhoji na upande mwingine hauna.

2. Je, ni kabila?

Maelezo ya ukabila ndiyo yanayosikika zaidi, nayo yamewaumiza wengi. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza chama kuwa cha kabila, cha dini au cha eneo moja. Kwa sababu hiyo, kukiita chama cha kikabila ni kusema kwamba hakistahili kuwapo, na kumwambia mtu kwamba alipiga kura kwa kabila lake ni kumwambia kwamba hakutumia akili yake.

Hebu tuyatazame matokeo ya majimbo sita ya mlimani. Mwaka 2005 upinzani ulishinda jimbo moja tu, Moshi Mjini, alikokuwa Ndugu Philemon Ndesamburo. Mwaka 2010 ulishinda manne: Moshi Mjini, Hai, Rombo na Vunjo. Mwaka 2015 ulishinda yote sita. Mwaka 2020 haukutangazwa kushinda hata moja. Kama kura hizi zingetoka katika damu, zingebaki zile zile, maana damu ya watu haibadiliki mara tatu katika muda wa miaka 15.

Mwaka 2005 unatufundisha zaidi. Katika uchaguzi ule Ndugu Freeman Mbowe, mwana wa Machame, aligombea urais kwa tiketi ya CHADEMA. Kama wapiga kura wa mlimani wangefuata kabila tu, ule ungekuwa mwaka wao. Kinyume chake, ndio mwaka ambao majimbo matano kati ya sita yalichagua wabunge wa CCM, wakati Ndugu Jakaya Kikwete alipopata zaidi ya asilimia 80 ya kura za urais katika nchi nzima. Miaka 10 baadaye, mwaka 2015, upinzani uliyapata majimbo yote sita huku mgombea wake wa urais akiwa Ndugu Edward Lowassa wa Monduli, ambaye hakuwa mtu wa mlimani.

Historia ya nyuma nayo inatuonya. Mwaka 1952 watu wa mlimani walimsimika Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu, baada ya kumchagua kwa kura. Baadaye watu hao hao waliulizwa tena kwa kura, mwaka 1960, kama walitaka kuendelea na Mangi Mkuu au kuwa na rais wa baraza atakayechaguliwa. Nao wakachagua rais. Aliyeongoza upande ulioshinda alikuwa Solomon Eliufoo, mwalimu na mtu wa TANU, ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Basi, katika siku zile mlima ulikipendelea chama cha taifa kuliko kiti cha jadi. Anayesema kwamba upinzani ni asili ya watu hawa ameusahau mwaka 1960.

3. Je, ni dhehebu?

Kwa kuwa jarida hili husomwa na watumishi wa Kanisa, swali la dhehebu linatuhusu kwa karibu. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na tangu siku hizo Machame, Marangu, Mwika na Old Moshi zimekuwa na Walutheri wengi. Lakini Rombo, Kibosho na Kilema ni sehemu zenye Wakatoliki wengi. Mwaka 2010 Hai yenye Walutheri wengi na Rombo yenye Wakatoliki wengi zote zilichagua wabunge wa CHADEMA. Ndugu Mrema, aliyependwa sana mlimani mwaka 1995, alikuwa Mkatoliki. Ndugu Lowassa, mgombea wa upinzani wa mwaka 2015, alikuwa Mlutheri. Nao Walutheri wa Upare, wenye Katekisimu ile ile na liturgia ile ile, walichagua CCM. Dhehebu, basi, halitupatii jibu.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo Kanisa limelifanya, nalo halihusiani na chama. Katika usharika watu wamezoea kuchagua wazee, kusomewa hesabu za sadaka, kuuliza fedha za ujenzi zimekwenda wapi, na kujibiwa. Mtu aliyezoea kuulizia mfuko wa usharika atauulizia pia mfuko wa kijiji na wa halmashauri. Mazoea hayo yapo Upare kama yalivyo mlimani, nayo yanaweza kumfanya mtu awe mwana-CCM mwenye kuhoji au mpinzani mwenye kuhoji.

4. Mambo yaliyojengwa, na yaliyoondolewa

Ikiwa si kabila wala dhehebu, ni nini basi? Sisi tunaona kwamba jibu la karibu zaidi limo katika habari za vyombo ambavyo watu wa mlimani walivijenga wenyewe, na yale yaliyovipata.

Chombo cha kwanza ni ushirika wa kahawa. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha wapanda kahawa, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, ambayo ikawa miongoni mwa vyama vya ushirika vya kwanza na vyenye nguvu katika Afrika. Tusidhani kwamba wakulima waliipenda KNCU bila masharti. Mwaka 1937, walipoona kwamba wanalazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia hiyo peke yake, walifanya ghasia dhidi yake. Walichotaka kilikuwa sauti katika jambo lao. Kwa fedha za kahawa, pamoja na juhudi za Kanisa, shule zilienea mlimani mapema kuliko sehemu nyingi za nchi.

Chombo cha pili ni baraza la wilaya, na cha tatu ni shule. Baada ya Uhuru, katika muda usiofika miaka 10, vyote vitatu viliguswa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitia shule za madhehebu mikononi mwa serikali. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilivunjwa, na madaraka yakawekwa mikononi mwa maafisa wa mkoa na wilaya. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa. Nafasi za kuingia sekondari nazo ziligawiwa kwa mikoa, hata mtoto wa mlimani aliyefaulu akaweza kukosa nafasi. Wazazi walijibu kwa kujenga shule zao wenyewe kwa michango, na Kilimanjaro ukawa miongoni mwa mikoa iliyotangulia katika jambo hilo.

Halmashauri na vyama vya ushirika vilirudishwa katika miaka ya 1980, lakini vilirudi vikiwa dhaifu. Kisha mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Kihamba kilichokwisha kugawanywa kwa wana na wajukuu hakikuweza tena kulisha nyumba. Vijana waliendelea kuhamia Arusha, Dar es Salaam na kwingineko, wakafanya biashara na kazi za ofisini, nao waliporudi Desemba walileta fedha na habari. Kwa hiyo wale wasemao kwamba ni kura ya matajiri wameitazama nyumba ya mtoto aliyeko mjini, wala hawakumwona mzazi aliyebaki na mibuni isiyolipa.

Watu wenye kumbukumbu hizo ndio walioingia katika vyumba vya kupigia kura mwaka 1995. Katika chaguzi za chama kimoja waliwahi kuchagua kati ya wagombea wawili wa chama kile kile, mmoja mwenye alama ya jembe na mwingine mwenye alama ya nyumba. Waliweza kumkataa mtu, lakini hawakuweza kuikataa sera. Sasa kwa mara ya kwanza waliweza kuikataa sera, tena kwa kumpitia mtu wanayemfahamu. Hapo ndipo twaweza kuona tofauti na Upare. Mwaka huo wa 1995 mtu mashuhuri wa mlimani alikuwa ametoka serikalini kwa ugomvi, na mtu mashuhuri wa Upare, Ndugu Cleopa Msuya, mbunge wa Mwanga, alikuwa Waziri Mkuu. Upare ulikuwa na mlango ulio wazi wa kupelekea haja zake. Mlima uliona kwamba mlango wake umefungwa. Na mwaka 2015, wakati Ndugu Msuya alipokuwa amekwisha kustaafu ubunge muda mrefu, Same Mashariki nayo ilichagua mbunge wa CHADEMA. Mambo yalipobadilika, kura za Upare nazo zilianza kubadilika.

5. Upande wa pili wa haki

Tungekosa uadilifu kama tungeishia hapo. Hatua zile za miaka ya 1969 hadi 1976 hazikuchukuliwa kwa chuki. Taifa changa lilirithi nchi ambayo sehemu chache zilikuwa na shule nyingi, nazo sehemu nyingi hazikuwa na shule ila chache sana. Mgawo wa nafasi za sekondari ulimwumiza mtoto wa Marangu, lakini ulimfungulia mlango mtoto wa Lindi au wa Kigoma ambaye asingeupata kwa njia nyingine. Kuishi kwetu pamoja kwa miaka mingi bila vita vya makabila kumetokana kwa sehemu na sera hizo.

Kwa hiyo mchungaji wa mlimani anapoyasikia malalamiko ya washarika wake ana kazi mbili. Ayasikilize kwa heshima, maana watu waliojenga kwa jasho na kunyang'anywa wana haki ya kusema. Tena awakumbushe kwamba jirani wa Mkristo si mtu wa kata yake tu. Kura inayoulizia haki ya mlima peke yake bado haijafika kwenye kuutakia mji mzima amani, kama nabii Yeremia alivyowaandikia wahamishwa katika sura ya 29.

6. Kura zilipopungua maana

Habari ya mwisho ni ngumu zaidi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa. Katika uchaguzi mkuu wa 2020 CCM ilitangazwa kushinda majimbo yote tisa ya Kilimanjaro, na karibu majimbo yote ya Tanzania Bara. Upinzani uliyakataa matokeo hayo. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwamo katika karatasi za kura, na siku zile nchini zilikuwa siku za maandamano, za kuzimwa kwa intaneti na za vifo vya watu.

Kwa mtafiti jambo hili lina maana kwamba matokeo ya miaka hiyo hayawezi kutumiwa kupima mwelekeo wa watu kama yale ya 1995 hadi 2015. Mtu hawezi kusema kwamba mlima umegeuka kuwa wa CCM, wala hawezi kusema kwa hakika kwamba haukugeuka hata kidogo. Kwa mchungaji maana yake ni nzito zaidi. Zamani alihudumia watu waliobishana. Sasa huenda akahudumia watu walionyamaza. Mabishano ya wazi aliweza kuyasikia akayasuluhisha. Ukimya huficha hasira, hofu na kukata tamaa, na mwenye kuhudumu asidhani kwamba ukimya huo ni amani.

7. Kazi ya mchungaji

Maungamo ya Augsburg, katika kifungu cha 16, yanafundisha kwamba utawala wa nchi ni mpango mwema wa Mungu na kwamba Mkristo anaweza kushika kazi za serikali bila dhambi. Yanafundisha pia kwamba utii huo una mpaka, pale mtu anapoamriwa kutenda dhambi. Kutokana na mafundisho hayo, pamoja na yale tuliyoyaona hapo juu, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, mimbara isiwe ya chama, hata katika usharika ambao karibu watu wote ni wa upande mmoja. Hasa katika usharika wa namna hiyo, maana huko hakuna atakayempinga mhubiri, na wachache walio kinyume watanyamaza kisha waondoke.

Pili, uongozi wa Kanisa usipimwe kwa kadi ya chama. Mzee wa usharika aliye balozi wa CCM na mwimbaji wa kwaya aliye wakala wa upinzani wanakula meza moja ya Bwana. Wakati wa uchaguzi mchungaji awatembelee wote wawili, tena watu waone kwamba amewatembelea wote wawili.

Tatu, michango ya wanasiasa katika harambee za ujenzi iangaliwe kwa makini. Sadaka ni ya Mungu, nayo haimpi mtoaji haki ya kusimama mbele ya madhabahu na kuomba kura. Halmashauri ya usharika na iweke utaratibu mmoja kwa wagombea wote kabla ya kampeni kuanza, siyo baada ya gari la mgombea kufika uwanjani.

Nne, kuwa nje ya vyama si kuwa bubu. Kanisa letu lilisema juu ya uongozi na haki katika Tamko la Bagamoyo la mwaka 1994, na Maaskofu wetu walisema tena katika waraka wa Pasaka wa mwaka 2018. Kusema kwamba kura ihesabiwe kwa kweli, kwamba mgombea asienguliwe kwa hila, na kwamba damu isimwagwe, si kusema kwa niaba ya chama. Ni kuifundisha amri ya tano na ya nane kama Luther alivyozieleza katika Katekisimu.

Hitimisho

Tumeona kwamba watu wa mlimani wamewahi kuchagua Mangi Mkuu na kumwondoa, kuichagua TANU, NCCR-Mageuzi, TLP, CCM na CHADEMA, na kwamba jirani zao wa Upare walichagua kwa namna nyingine kwa sababu zinazoeleweka. Hawakupiga kura kwa kuzaliwa kwao. Walipima yaliyowapata na watu waliojitokeza mbele yao. Mchungaji anayelijua hilo hatauliza tena usharika wake ni wa chama gani. Atauliza ni mambo gani yaliwapata watu hawa, ni nani miongoni mwao anayeogopa kusema, na ni kwa njia gani Neno la Mungu litawafikia wote pamoja.